Mwosha Huoshwa: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

Mheshimiwa,

Naomba idhini yako nikuandikie hadharani juu ya jambo ambalo aghalabu watu hulinong'ona pembeni, nalo ni jambo la maiti: nani amwoshe, mbele ya nani, na akazikwe wapi, pindi mtu anapouawa na maradhi ya kuambukiza ambayo hayamtoki hata baada ya roho kumtoka. Nimekusudia kuandika kabla ya mlipuko mwingine kutufikia, kwa kuwa mabishano ya mazishi hayasuluhishiki mbele ya jeneza, na mtu aliyefiwa alfajiri hana masikio ya kusikiliza hotuba ya tabibu ifikapo adhuhuri.

Mkoa wa Kagera umekwisha kutufunza mara mbili. Tarehe 21 Machi 2023 Serikali ilitangaza, kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi yetu, kwamba homa ya Marburg imeingia wilayani Bukoba. Wakaugua watu 9 na wakafa 6, mhudumu wa afya akiwa miongoni mwao, hata tarehe 2 Juni ikatangazwa kwamba maradhi yamekwisha. Kabla miaka miwili haijatimia, tarehe 20 Januari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mlipuko wa pili, safari hii Biharamulo, na wagonjwa wote 10, yaani wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa kuwa nayo, walikufa wasibakie hata mmoja, kabla ya kutangazwa mwisho wake tarehe 13 Machi. Katika tukio hilo la pili liko jambo ambalo insafu inanilazimu kulitaja: siku chache kabla ya Rais kunena, wananchi walikuwa wameambiwa na wizara kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha Marburg. Yamkini maabara ilisema kweli kwa sampuli zile zilizoifikia. Lakini mkulima aliyesikia redioni kwamba hakuna kitu ndiye huyohuyo aitwaye jioni kwenda kumsitiri jirani yake, naye huenda kwa mikono mitupu, kwa kuwa amekwisha kuambiwa kwamba hakuna kitu. Lau angeambiwa kwamba bado tunapima, na kwamba hata majibu yatakapotoka kila maiti wa homa na ashikwe kwa hadhari, asingetaharuki kuliko alivyotaharuki baadaye alipoupata ukweli.

Mimi si tabibu, ila yaliyokwisha kuthibitishwa na matabibu si siri. Virusi vya Marburg vilipata jina kutokana na mji wa Ujerumani ambako, mwaka 1967, watu wa maabara waliambukizwa na tumbili walioletwa kutoka Uganda, na makao yake ni popo walao matunda waishio mapangoni. Mtu akishaambukizwa, huwaambukiza wenzake kwa damu, matapishi, kinyesi, jasho na majimaji mengine ya mwili, na dalili humjia baina ya siku ya 2 na ya 21. Virusi huzidi kadiri maradhi yanavyokomaa, hata siku ya kufa mwili huwa umejaa kuliko siku zote zilizotangulia. Hapana chanjo iliyokwisha kuidhinishwa kwa matumizi ya kawaida. Basi walio hatarini kupita wote ni wawili: yule amuuguzaye mgonjwa siku zake za mwisho na yule amwoshaye baada ya siku hizo. Wa kwanza ameandikiwa miongozo mingi, naye akiwa hospitali hupewa mavazi ya kujikinga. Wa pili ndiye niliyemkusudia katika barua hii.

Tazama, Mheshimiwa, tunavyofanya sisi Waislamu wa pwani. Maiti hulazwa juu ya kitanda cha kuoshea, akastiriwa kwa nguo. Mwosha hujifunga kitambaa mkononi, humwinua kidogo akamwegemeza, kisha hulibonyeza tumbo lake taratibu ili yaliyosalia ndani yatoke, akamsafisha, akamtawadhisha, akamwosha kwa witiri mara tatu au tano, na maji ya mwisho yakatiwa kafuri. Wanawake huoshwa na wanawake, na wanaume na wanaume. Waosha hawa aghalabu ni kina bibi na wazee wa mtaani, watu waitwao usiku wa manane bila ya ujira wala cheo, wakaitika; na ile huruma yao ya kulibonyeza tumbo ili maiti aende kwa Mola wake akiwa tohara, ndiyo hasa yenye hatari kuu katika maradhi haya. Ndugu zetu Wakristo wana ada nyingine, ila nao humwosha marehemu wao, humvika nguo njema, na wengi humuaga kwa kumgusa au kumbusu kwenye paji la uso. Wahenga walisema mwosha huoshwa, wakimaanisha kwamba leo kwake na kesho kwako; penye Marburg methali hiyo yaweza kutimia hata arobaini ya yule wa kwanza haijasomwa.

Wala haya si mambo ya kubuni. Mwaka 2014 Ebola ilipokuwa ikienea Afrika ya Magharibi, alizikwa mganga mmoja wa kienyeji huko Sierra Leone, karibu na mpaka wa Guinea, naye alikuwa mtu wa jina, watu wakaja kutoka vijiji vingi kumwosha na kumlilia. Uchunguzi wa wakuu wa afya wa huko ulikisia kwamba vifo vipatavyo 365 vyaweza kufungamanishwa na matanga yale mamoja. Mwezi wa Novemba wa mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likasema kwamba angalau asilimia 20 ya maambukizo mapya hutokea mazishini.

Sasa hapa ndipo serikali nyingi hupotea njia. Zikishatambua kwamba maziko yanaua, huwanyang'anya watu maiti wao. Huja gari, hushuka watu waliojifunika gubigubi wasiojulikana nyuso wala majina, humchukua mtu akiwa ndani ya mfuko, wakaenda kumfukia mahali wapajuapo wao, na mjane akabaki mlangoni hajui hata kichwa kimeelekezwa wapi. Jamaa wa marehemu hujibu kama wanadamu wote wangalivyojibu: huficha wagonjwa, huzika usiku, na mara nyingine huokota mawe. Huko Uige, nchini Angola, mwaka 2005, wakati Marburg ilipowaua watu 227 katika 252 walioambukizwa, magari ya watu wa afya yalipigwa mawe hata kazi ikasimama kwa muda. Na sisi wenyewe tusijifanye wageni wa mambo hayo, kwani mwaka 2020, baada ya takwimu za korona kukoma kutangazwa zikiwa zimefikia wagonjwa 509 na vifo 21, picha za mazishi ya usiku zilizunguka kutoka simu hadi simu. Na palipokosekana neno la Serikali, kila mtu alijitungia lake. Sikumbushi haya kwa nia ya kulaumu waliokwisha kupita, ila kwa sababu siku utakayotangaza maradhi mengine, watu watakusikiliza wakiwa na kumbukumbu hizo vichwani.

Afadhali tuwatazame walioanza vibaya kisha wakajirekebisha, nao ni wenzetu wanaosema Kiswahili kama sisi. Katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, huko Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, toka Agosti 2018 hadi Juni 2020, Ebola iliwashika watu 3,470 na kuwaua 2,287, katika nchi ambayo tayari ilikuwa imechoshwa na vita, na huko Beni na Butembo vikosi vya mazishi vilishambuliwa zaidi ya mara moja. Watu wa Msalaba Mwekundu, walipokaa na kusikiliza wanayolalamikia wafiwa, waligundua kwamba wengi walikuwa wakiogopa jambo moja sahili sana: huenda ndani ya mfuko hamna mtu wao, au yumo lakini amekatwa viungo. Ikaletwa mifuko yenye dirisha la kuonea, ili jamaa wauone uso na kuusadiki. Naona katika hila hiyo ndogo ya plastiki angavu busara kupita mabango mengi ambayo nimepata kuyasoma, mabango yenye picha ya popo mkubwa na amri tano zilizoandikwa kwa herufi nyekundu, utadhani mwenye kufiwa ni askari aliyepangwa gwarideni.

Kwa upande wa dini mlango umekwisha kufunguliwa zamani, na mgeni humo ni yule tu asiyeuliza. Josho ni faradhi ya kifaya, lakini maji yanapokuwa na madhara, tayamamu hukaa mahali pake; na wamo wanazuoni waliosema kwamba hata hiyo ikishindikana, faradhi humwondokea mtu kwa dharura. Afaye kwa tauni huhesabiwa katika mashahidi. Sayyidna Umar alipofika Sargh akapata habari kwamba tauni imeshika Shamu, aliwarudisha watu wake, na Abu Ubayda alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kwamba anatoka katika kadari moja kwenda katika kadari nyingine. Mwongozo wa maziko ya waliokufa kwa Ebola uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2014, ambao Waislamu na Wakristo waliitwa kuutunga pamoja na matabibu, unaruhusu tayamamu kufanywa juu ya mfuko bila kuufungua, sanda kutandikwa juu yake, sala kusaliwa kwa kusimama mbali kidogo, na jamaa kushiriki katika kuchimba kaburi. Hayo yote yapo. Ila mwosha wa Pangani au wa Kilwa hakuyasikia kwa Mufti wala kwa imamu wake. Na akiyasikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa kijana aliyevaa miwani ya plastiki, huku maiti wa dada yake yupo ndani, atasadiki kwamba dini imebadilishwa kwa ajili ya kumdhulumu.

Kwa hiyo ombi langu ni hili, na ni moja tu ijapokuwa lina matawi. Waite waosha maiti kabla hujawahitaji. Uwaite kwa kata, wanawake na wanaume, kwa kupitia Baraza Kuu la Waislamu wa Tanzania (BAKWATA), majimbo ya Kanisa na wazee wa koo, uandike majina yao, uwafunze kuvaa na, lililo gumu kuliko kuvaa, kuvua mavazi ya kujikinga pasipo kujigusa, uwaoneshe kipimo cha klorini kinachofaa mikono na kile kikali zaidi kinachofaa vyombo na sakafu, na uweke katika kila kituo cha afya glavu, barakoa, mifuko yenye dirisha na ndoo za maji tiririka, viwe chini ya dhamana ya mtu anayejulikana. Wanawake wasisahauliwe. Vikosi vya mazishi vya nchi nyingine vilianza vikiwa vya wanaume pekee, na jamaa wa marehemu wa kike wakaona ni fedheha ya pili juu ya msiba wa kwanza.

Kisha pawe na mapatano yaliyoandikwa, si amri. Kagera, ambako ni desturi ya Wahaya kumzika mtu wao katika kibanja cha ukoo kati ya migomba, kumwambia mzee kwamba mwanawe atazikwa makaburi ya wilaya ni kumwambia kwamba mwanawe amefukuzwa katika ukoo. Ilhali kaburi lenye kina cha kutosha, mbali na kisima, lililochimbwa na vijana wa ukoo wenyewe na kuteremshwa mfuko na watu waliofunzwa, halimdhuru mtu yeyote pale kibanjani. Ndugu mmoja na aruhusiwe kuvaa mavazi na kusimama karibu, awe shahidi wa wengine. Jina liandikwe kaburini siku ileile. Matanga yapunguzwe watu, nayo haya yatawauma wengi, wala sioni namna ya kuyalainisha; ila shehe au padri akiyatangaza pamoja na mwenyekiti wa kijiji, na namba ya simu ya wizara yako, 199, ikapokewa na mtu anayejua kusema na mfiwa, yatavumilika.

Najua utaambiwa kwamba fedha hazitoshi. Sina hesabu za hazina mbele yangu, lakini naijua hesabu moja iliyotokea kwa jirani: mwaka 2024 Marburg ilipoingia Rwanda, watu 66 waliugua na 15 wakafa, na walio wengi katika wagonjwa hao walikuwa wahudumu wa afya wenyewe. Taifa likipoteza wauguzi wake kwa sababu ya maradhi ambayo yangezuiwa kwa glavu na hadhari, gharama ya kuwapata wengine haihesabiwi kwa mwaka mmoja wa bajeti. Na mwosha wa kijijini ni mhudumu wa afya vilevile, ijapokuwa hana cheti.

Mwanzo wa kazi hii ungefaa uwe Bukoba na Biharamulo, kwa kuwa huko wapo watu waliozika wakati wa Marburg, nao ndio wanaojua palipouma. Waulizwe kwanza wao, waandikiwe maneno yao, na rasimu itakayotokana na maneno hayo isomwe misikitini na makanisani hadi pwani, kabla ya kutiwa muhuri wa wizara.

Nabakia, kwa heshima na taadhima,

Raia mmoja wa pwani