Wati 1000 za kwenye boksi

Haya wadau, bumu limeingia na tayari washkaji wanaulizana wanunue sabufa ipi. Mimi na mshkaji ninayepanga naye hapa Mfaranyaki tumetenga elfu 40 ya spika za kompyuta, na msimamo wangu nauweka wazi: sabufa hapana.

Ananiambia kuna moja mjini imeandikwa wati 1000. Jamani! Hizo ni PMPO, hesabu isiyo na kipimo kimoja kinachokubalika, kila kiwanda kinajiandikia kinavyopenda. Namba ya maana ni ile yenye RMS, yaani nguvu ambayo spika inaihimili muda wote inapopiga. Boksi lisiposema RMS, geuza adapta usome. Ikiwa volti 9 na ampea 1, zidisha: wati 9. Hizo 991 nyingine zinatoka wapi, Makambako? (Laini ya kutoka huko ndiyo iliyotuingiza gridi ya taifa 2018, ila nayo haifanyi miujiza hiyo.)

Zile za kuchomeka USB tu ni ndogo zaidi: tundu la kawaida la USB 2.0 linatoa volti 5 na nusu ampea, yaani wati 2 na nusu kwa spika zote mbili. Lakini usizidharau. Chumba chetu kinaenea kitanda na meza basi, na ukiongeza wati mara mbili sauti inapanda desibeli 3 tu, tofauti ndogo sana sikioni.

Halafu, sisi tunasikiliza nini hasa? Lekcha tulizorekodi, muvi na Bongo Fleva. Simu ya mezani ilipitisha hezi 300 hadi 3400 tu na watu walielewana vizuri, maana maneno yako hapo katikati. Sabufa kazi yake ni huko chini, kwenye dundo, na dundo ndilo linalopenya ukuta. Nyumba yetu ni vyumba sita chini ya paa moja, jirani ana kichanga, na mwenye nyumba alishamhamisha mpangaji mmoja kwa sababu ya redio. Tukitolewa wiki tatu kabla ya UE, hiyo sabufa itatulaza wapi?

Kwa hiyo mimi nataka spika mbili ndogo za boksi la mbao, zenye umeme wake na pini ya kawaida ya laptopu. Dukani usikubali wimbo wao wa kujaribia, huo wameuchagua kwa dundo. Nenda na simu yenye wimbo unaoujua kila neno. Anza sauti ya chini, panda taratibu mpaka ianze kukwaruza, kisha simamisha wimbo usikie kama spika zinanguruma zenyewe. Muuzaji akikataa kufungua boksi, msalimie uondoke.

Mshkaji bado hajakubali. Anasema spika bila dundo ni ugali bila mboga. Kesho jioni tunaenda mjini, yeye na wimbo wake, mimi na lekcha ya takwimu.