Maji ya mvua Dar: Kupanda nyasi bila daftari ni hasara

KILA mvua za masika zinapokolea jijini Dar es Salaam, watu huhesabu barabara zilizofungwa na nyumba zilizoingiliwa na maji. Uchafu unaosafiri ndani ya maji hayo, kutoka mitaani hadi kwenye bustani za mboga za bonde la Msimbazi, huhesabiwa kwa nadra.

Mto Msimbazi huanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, hupita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, kisha huingia baharini karibu na daraja la Salenda. Njiani hupokea maji yanayotoka kwenye gereji, viwanda, masoko na vyoo vinavyofurika. Mchicha na matembele ya bondeni yamemwagiliwa kwa maji hayo kwa miaka mingi, na watafiti waliopima mboga hizo wamewahi kukuta madini mazito, ikiwemo risasi.

Kiuchumi, hapo kuna deni linalolipwa na asiyelikopa. Anayemwaga oili chafu mtaroni halipi kitu. Anayelipa ni mkulima ambaye mboga yake inatiliwa shaka sokoni, na mfanyabiashara wa Jangwani au Kariakoo ambaye wateja hawamfikii njia ikifungwa.

Hesabu ya bati

Chanzo cha tatizo kinaonekana kwa hesabu ndogo. Paa la mita 10 kwa 10 likipata mvua ya milimita 50 hutoa lita 5,000 za maji, sawa na ndoo 250 za lita 20. Yakiangukia udongo wenye majani, sehemu kubwa hunywewa na ardhi. Yakiangukia bati na sakafu ya saruji, karibu yote hukimbilia mtaroni, yakizoa kila kilichoachwa juu ya ardhi tangu kiangazi.

Ndiyo maana miji mingi imegeukia miundombinu ya kijani: mifereji yenye nyasi, mabwawa ya kutuliza maji, vishamba vya matete, miti kandokando ya mito, na mikoko inayolindwa mdomoni mwa mto. Mimea hupunguza kasi ya maji, mchanga na taka hutuama, na udongo huchuja sehemu ya uchafu.

Kwa Msimbazi fedha si ndoto. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 za Marekani kwa mradi wa kuliendeleza bonde hilo, na mipango yake inagusa kuchimba mto, kuinua daraja la Jangwani na kutenga eneo la wazi la bustani.

Nani atahesabu?

Swali la kujiuliza ni nani atajua, miaka 5 baada ya kupanda, kama mimea hiyo bado inafanya kazi. Mfereji wa nyasi uliojaa mchanga ni sawa na ulioziba. Bwawa lisilozolewa tope huzalisha mbu.

Mji wa Philadelphia nchini Marekani unatoa mfano. Mwaka 2011 ulianza mpango wa miaka 25 wa kuzuia maji ya mvua yaliyochanganyika na majitaka yasiingie mitoni. Ulichagua kipimo kimoja, ekari ambayo maji yake ya inchi ya kwanza ya mvua yanadhibitiwa. Lengo la miaka 5 ya kwanza lilikuwa ekari 744, na taarifa hutolewa kila mwaka. Aidha, wenye majengo ya biashara hutozwa kulingana na ukubwa wa eneo lao lisilopitisha maji, hivyo anayepanda nyasi huona nafuu kwenye ankara.

Dar es Salaam haianzi mikono mitupu. Kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa kuchora ramani za mifereji. Ramani za aina hiyo zikihuishwa kila baada ya masika, kila bwawa likapewa namba, tarehe ya kusafishwa na mtu wa kuwajibika, gharama ya usimamizi itakuwa ndogo mno kuliko ya kuchimba mto upya.

Mkulima naye ana nafasi. Miche ya vetiva, matete na miti italazimika kuoteshwa na mtu, na usafishaji wa mifereji ni ajira ya kila msimu. Wakulima wa Kisarawe wakilipwa kukinga udongo wa miteremkoni, mchanga unaofika Jangwani utapungua. Hata hivyo, kazi hizo zitawafikia wanavikundi endapo halmashauri zitazitenga kwenye bajeti za kila mwaka, badala ya kuziacha zife pamoja na mradi.

Kwa sasa, vikundi vya wakulima na wafanyabiashara vina haki ya kuuliza kwenye mikutano ya mitaa mambo matatu: kilichopandwa ni kipi, kinatunzwa na nani, na maji ya mto yalipimwa lini. Mali bila daftari huisha bila habari.