Je, Ngumi Zinalipa? Piga Hesabu Kabla ya Kuuza Ng'ombe

Mwezi huu tuzungumze habari ya vijana wetu na ngumi za kulipwa.

Labda wewe ni mkulima wa Lukozi. Unalima viazi, kabichi na karoti. Mwanao amemaliza shule. Kila asubuhi anakimbia barabarani kabla ukungu haujaondoka. Amefunga gunia la mchanga kwenye mti, analipiga ngumi. Jioni moja anakuambia, "Baba, naomba tuuze ng'ombe mmoja. Nataka kwenda Tanga mjini nikawe bondia kama Mwakinyo."

Utamjibu nini? Ukimkatalia upesi, huenda akatoroka. Ukimkubalia upesi, huenda ukapoteza ng'ombe na kijana pia. Njia nzuri ni kukaa naye chini, kuchukua kalamu na daftari, na kupiga hesabu pamoja.

Kijana haoti ndoto ya bure

Kwanza tuseme ukweli. Kijana huyu hakuamka tu na kusema maneno hayo. Hassan Mwakinyo ni mtu wa Tanga, mkoa wetu huu huu. Tarehe 8 Septemba 2018 alipigana mjini Birmingham, Uingereza, na bondia wa huko, Sam Eggington. Watu wengi walidhani Mwingereza atashinda. Mwakinyo alimpiga, na mwamuzi akasimamisha pambano katika raundi ya pili. Tangu siku hiyo jina lake likajulikana nchi nzima. Mwaka 2019 alishinda tena Nairobi na Dar es Salaam.

Wapo na wengine. Francis Cheka wa Morogoro alimshinda Mmarekani Phil Williams mwaka 2013, Dar es Salaam, akapata mkanda wa WBF. Huko Kameruni, Francis Ngannou alichimba mchanga kwa mikono tangu utotoni. Mwaka 2013 alifika Ufaransa bila pesa, akalala nje. Mwaka 2021 akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu katika mchezo unaochanganya ngumi, mateke na mieleka. Kampuni kubwa ya mchezo huo inaitwa UFC, nayo ni ya Marekani.

Kwa hiyo, pesa katika ngumi ipo. Swali letu ni hili: inamfikia nani, na inabaki kiasi gani?

Pambano ni kama lumbesa

Wewe uliyeuza viazi sokoni unaijua lumbesa. Gunia linajazwa mpaka mdomoni. Kisha linashonewa kilemba juu, na viazi vingine vinaingizwa humo. Mnunuzi analipa gunia moja, lakini wewe umetoa gunia moja na zaidi. Ndiyo maana Wakala wa Vipimo inataka mazao yauzwe kwa mizani, na gunia lisizidi kilo 100.

Pambano la ngumi nalo lina kilemba chake. Watu wanaona raundi nane au kumi za usiku mmoja. Promota analipa usiku huo mmoja. Lakini bondia amefanya mazoezi wiki nane. Amekula chakula maalumu. Amelipa nauli. Amepimwa afya. Hakulima, hakubeba mizigo, hakufanya kibarua. Siku hizo zote zimeingizwa ndani ya malipo ya usiku mmoja.

Mizani ya bondia ni mkataba wake na daftari lake. Asiyekuwa navyo atauza lumbesa ya mwili wake.

Tupige hesabu

Hesabu hii ni mfano tu. Kila pambano lina bei yake. Chukua kalamu, tuandike pamoja.

Tuseme bondia ameahidiwa shilingi 2,000,000 kwa pambano moja. Amejiandaa kwa wiki 8.

Meneja anachukua robo: shilingi 500,000.
Kocha anachukua sehemu moja ya kumi: shilingi 200,000.
Chakula cha mazoezi, shilingi 40,000 kwa wiki, wiki 8: shilingi 320,000.
Nauli: shilingi 80,000.
Leseni na vipimo vya afya: shilingi 100,000.
Bandeji, kinga ya meno na vifaa vingine: shilingi 100,000.

Jumla ya matumizi ni shilingi 1,300,000.
Kinachobaki ni shilingi 700,000.

Wiki 8 ni siku 56. Gawa 700,000 kwa 56. Utapata shilingi 12,500 kwa siku.

Sasa endelea mbele kidogo. Bondia hapigani kila mwezi. Mwili unahitaji kupona, na mapambano hayapatikani kila siku. Tuseme amepata mapambano matatu kwa mwaka. Zidisha 700,000 mara 3. Utapata shilingi 2,100,000 kwa mwaka mzima. Gawa kwa miezi 12. Ni shilingi 175,000 kwa mwezi.

Hapo hatujatoa kodi ya chumba mjini. Hatujatoa dawa. Hatujahesabu mwaka ambao kijana ameumia mkono na hapigani kabisa.

Ndugu msomaji, ile milioni mbili ilionekana kubwa ilipotajwa. Baada ya kuigawa kwa siku imekuwa ndogo. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Hata kwa wakubwa ni hivyo

Usidhani mambo haya ni ya kwetu tu. Uingereza, meneja anaweza kuchukua mpaka robo ya malipo ya bondia. Katika baadhi ya majimbo ya Marekani sheria inamruhusu kuchukua mpaka theluthi moja. Kwa hiyo mfano wetu haukuzidisha.

Tutazame tena ile kampuni ya UFC. Inapata mamilioni mengi ya dola kila mwaka. Mwaka 2014 wapiganaji waliishtaki mahakamani. Walisema kampuni imewabana kwa mikataba mirefu na kuwalipa kidogo. Katika kesi ile ilionekana kwamba wapiganaji walikuwa wakipata takriban moja ya tano ya mapato, au chini ya hapo. Wachezaji wa mpira wa kikapu wa ligi kubwa ya Marekani hupata karibu nusu ya mapato ya ligi yao. Wale wa kikapu wana chama, nao hupatana bei kwa pamoja. Kila mpiganaji alikuwa akipatana peke yake. Kesi ilichukua miaka kumi. Mwishowe kampuni ilikubali kulipa dola milioni 375, na mahakama ikapitisha malipo hayo mwaka 2025.

Hata Ngannou, akiwa bingwa, aliona mkataba wake haumfai. Alitaka uhuru zaidi, na alitaka wapiganaji wawe na bima ya afya. Hawakukubaliana. Mwezi Januari 2023 akaondoka. Mwezi Oktoba mwaka huo huo alipigana ngumi na Tyson Fury mjini Riyadh, Saudi Arabia, kwa malipo makubwa. Lakini kumbuka: Ngannou aliweza kuondoka kwa sababu alikuwa tayari bingwa wa dunia. Kijana anayeanza hana nguvu hiyo. Yeye hupokea anachopewa, kama mkulima ambaye kabichi zake zinaoza na lori ni moja tu.

Jembe la bondia ni mwili wake

Jembe lako likivunjika, unanunua jingine. Mpini ukioza, unachonga mwingine. Jembe la bondia ni mwili, na kichwa kikiharibika hakina duka.

Mwaka 1928 daktari wa Marekani, Harrison Martland, aliandika habari za mabondia waliopigwa kichwani miaka mingi. Walikuwa wakiyumba wanapotembea, wakiongea kwa shida na kusahau. Tangu hapo madaktari wamejifunza mengi. Leo wanajua kwamba kupigwa kichwani mara nyingi huharibu ubongo polepole. Dalili zinaweza kuonekana miaka mingi baada ya bondia kuacha ngumi, wakati promota ameshamsahau.

Mara nyingine madhara hayasubiri. Mwezi Desemba 2024 bondia Hassan Mgaya alipigana Dar es Salaam, akapigwa, akafariki dunia. Alikwenda ulingoni kutafuta riziki kama wewe unavyokwenda shambani.

Jirani zetu wa Kenya wanamkumbuka Conjestina Achieng. Mwaka 2004 alikuwa fahari ya nchi yake, mwanamke bingwa wa ngumi. Baadaye aliugua akili, akarudi kwao Siaya. Mikanda haikumlisha. Wasamaria wema ndio waliochanga pesa za matibabu.

Na hata asiyepata maradhi makubwa, siku moja mbaya inaweza kufunga njia. Mwezi Septemba 2022 Mwakinyo alirudi Uingereza kupigana na Liam Smith mjini Liverpool. Pambano liliishia raundi ya nne. Mwakinyo alipiga goti, na alisema mguu wake uliumia. Shamba likikosa mvua mwaka huu, mwakani unapanda tena. Bondia ana miaka michache tu ya kupanda.

Basi, tumkataze?

Hapana. Ngumi ni mchezo mzuri. Zinampa kijana nidhamu na afya, na zinamwepusha na pombe. Wachache hufika mbali. Tunachosema ni kwamba asiifanye ngumi kuwa shamba lake la pekee. Haya ndiyo mashauri yetu.

Kwanza, msiuze shamba wala ng'ombe ili kumpeleka kijana kwenye ngumi. Shamba hulisha nyumba nzima, na ukiliuza hulirudishi. Bondia akishindwa, awe na pa kurudi.

Pili, aanze na ngumi za ridhaa. Huko atajifunza bila kupigwa ovyo. Mabondia wengi wa ridhaa wako katika timu za jeshi, polisi na magereza. Aliyeajiriwa huko hupata mshahara, hata mwezi ambao hakupigana. Na sifa ipo. Mwaka 2022, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike walituletea medali mbili za shaba.

Tatu, akiingia ngumi za kulipwa, afuate sheria. Ajiandikishe kwa kamisheni inayosimamia ngumi za kulipwa Tanzania, yaani TPBRC. Asipande ulingo usio na daktari. Asikubali kupigana na mtu aliyemzidi sana uzito au uzoefu kwa ajili ya kupata nauli.

Nne, asitie sahihi mkataba asioufahamu. Ewe kijana, hapa ndipo kusoma kunapolipa. Soma kila mstari. Tafuta majibu ya maswali haya: Nitalipwa kiasi gani, na siku gani? Meneja anachukua sehemu gani? Nikiumia, nani analipa hospitali? Pambano likivunjika, nalipwa nini? Mkataba huu unanifunga miaka mingapi? Kama umeandikwa kwa Kiingereza na hukijui, tafuta mtu wa kukusomea ambaye si ndugu wa promota. Chukua nakala yako uiweke nyumbani.

Tano, aweke akiba. Mtu aliyejiajiri anaweza kujiunga na NSSF kwa hiari yake. Na kila anapolipwa, alete sehemu nyumbani iingie shambani: mbegu, mbolea, mbuzi wa maziwa. Akiba haiozi.

Sita, awe na ufundi mwingine. Useremala, uashi, udereva, ushonaji, au kilimo hiki hiki cha mboga. Asubuhi kazi, jioni mazoezi.

Kazi ya nyumbani

Ndugu msomaji, usimalize kusoma ukaliweka gazeti juu ya kabati. Muite kijana wako. Chora mstari katikati ya karatasi. Upande mmoja aandike hesabu ya ngumi, kama tulivyofanya. Upande wa pili aandike hesabu ya robo eka ya viazi au karoti: mbegu, mbolea, dawa, vibarua, na bei aliyopata sokoni mara ya mwisho. Atoe matumizi. Agawe kinachobaki kwa siku alizofanya kazi.

Usimsaidie sana. Mwache agawe mwenyewe. Akimaliza, atazame pande zote mbili, kisha aseme anataka nini.

Huenda bado atasema anataka ngumi. Vema. Lakini atakwenda akijua bei ya jasho lake, na promota atakayekutana naye atamkuta ameshika kalamu.