Fasihi si Katekisimu ya Pili

Ipo hoja inayopata wafuasi miongoni mwa wazazi na walimu wa Kikristo hapa Mbagala, kuanzia Zakhem hadi Rangi Tatu. Inasema hivi: mtoto wa kidato cha kwanza au cha pili bado ni mchanga, kwa hiyo katika shule ya kanisa asomeshwe hadithi za watu wema tu, na kila hadithi ihitimishwe kwa fundisho la dini. Kitabu chenye uzinzi, ulevi au uchawi kifungiwe kabatini. Mimi ni Mkristo na ni mwalimu wa chuo kikuu. Naipinga hoja hiyo, tena kwa sababu za Kikristo.

Kwanza, ikiwa kigezo ni kutotaja dhambi, Biblia ndiyo itakayotangulia kuondolewa maktabani. Mwanzo 38 inasimulia habari ya Yuda na mkwewe Tamari. 2 Samweli 13 inaeleza jinsi Amnoni alivyombaka dada yake. Dhambi haikufichwa humo wala haikupambwa. Ilisimuliwa pamoja na gharama yake.

Pili, hoja hii haijui hadithi inavyofanya kazi. Nathani alipotumwa kwa Mfalme Daudi, aliyemtwaa mke wa Uria na kupanga Uria auawe vitani, hakuanza kwa kuhubiri. Alisimulia kisa cha tajiri aliyempokonya maskini mwanakondoo wake mmoja. Daudi akawaka hasira, akatoa hukumu, na ndipo akajulishwa kwamba amejihukumu mwenyewe. Mahubiri angeweza kuyaandalia utetezi. Hadithi ilimkuta hana ngao. Mwalimu anayetangaza fundisho kabla kisa hakijasomwa humkabidhi mwanafunzi ngao hiyo.

Tatu, tuna mfano wa nyumbani. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, aliyewahi kusoma Seminari ya Nyegezi, alichapisha riwaya ya Rosa Mistika, jina ambalo ni sifa ya Bikira Maria katika litania. Ikapigwa marufuku shuleni, baadaye ikaruhusiwa. Rosa alilelewa na baba yake, Zakaria, kwa viboko na vitisho, akikatazwa hata kuzoeana na wavulana. Alipotoka mikononi mwa baba hakujua kujilinda, akaangamia. Je, huko ni kusifu uasherati? La hasha! Ni kumshitaki mzazi anayedhani kwamba kufungia ndiko kulea. Na kitabu hicho hicho ndicho tulichokifungia.

Nitaambiwa: lakini umri? Ni swali la haki. Si kila kitabu ni cha kila darasa, na mwalimu ana wajibu wa kuchagua. Hata hivyo, binti wa Mbagala anayegombea daladala jioni pale Rangi Tatu tayari anamfahamu mwanamume anayejitolea kumlipia nauli, kumpa lifti ya bodaboda na kumnunulia chipsi. Mtu huyo hamsubiri afike kidato cha nne. Je, binti huyu amtafakari kwanza darasani, akiwa na mwalimu anayemtakia mema, au barabarani akiwa peke yake? Novemba 2021 Serikali iliruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito warudi shuleni. Hadithi za watu wema tu zitamwambia nini msichana anayerudi darasani akiwa tayari ni mama, isipokuwa kwamba hadithi hazimhusu?

Ukristo wa mwalimu wa fasihi uonekane katika maswali yake. Nani alimkosea Rosa? Zakaria alimpenda binti yake? Ni wapi mmoja wao angeweza kugeuka? Mtoto wa miaka kumi na minne anayajibu maswali hayo vizuri akipewa nafasi, na majibu yake yatamfundisha mwalimu mambo ambayo mtihani hauyafikii.

Kwa wakuu wa shule za makanisa nina ombi moja: kabla ya kukiondoa kitabu, kisomeni hadi mwisho. Atakayeisoma Rosa Mistika hadi mwisho atawakuta baba na binti mbele ya Mungu, kila mmoja akimlaumu mwenzake. Sisi tutajibu nini tukiulizwa?