Kwa Nini Bweni Letu Halijakwisha

Wako watu katika shule hii wasemao kwamba bweni jipya limechelewa kwa sababu mafundi ni wavivu. Wengine husema fedha zimeliwa. Mimi naona maneno yote mawili husemwa upesi mno. Na kwa kuwa wazazi wetu watalisoma gazeti hili wakati wa likizo, napenda kutoa maoni yangu, maana wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza wanalala wawili wawili kitandani, na wengine wametandika magodoro chini.

Mafundi niliowaona mimi si wavivu. Wafika saa moja asubuhi, kabla sisi hatujaingia madarasani. Lakini fundi akifika akakuta mchanga upo, kokoto zipo, na saruji haipo, afanye nini? Hukaa kivulini, nasi tupitapo kwenda maabara twamwona amekaa, twasema mvivu. Juma jingine saruji ikaja, mifuko mingi, lakini nondo za lenta zilikuwa hazijanunuliwa. Saruji ikalala stoo, na kila aliyewahi kushika mfuko ulioingia unyevu ajua jinsi unavyogeuka jiwe. Kisha likatokea jambo lililonisikitisha zaidi: ukuta ulipigwa lipu ukapendeza, halafu akaja fundi umeme akaupasua ili apitishe mabomba ya nyaya. Lipu ile ilikuwa saruji, maji, na siku nne za watu wawili. Sikuona mtu aliyeiba hata msumari, walakini mali imepotea.

Jambo hili si letu peke yetu. Huko Australia, Jumba la Opera la Sydney lilianza kujengwa mwaka 1959, kabla mchoraji wake, Jørn Utzon wa Denmark, hajamaliza kukata shauri jinsi mapaa yake yatakavyosimama. Wakubwa walitaka kazi ianze upesi. Baadaye nguzo zilizokwisha simamishwa zikabidi zijengwe upya, kwa kuwa zisingeweza kuchukua uzito wa mapaa yale. Walitazamia kumaliza mwaka 1963 kwa fedha iliyo sawa na dola milioni 7 za Australia. Likamalizika mwaka 1973 kwa dola milioni 102. Utzon alijiuzulu mwaka 1966, wala hakurudi kamwe kuliona limekwisha. Basi hata wenye fedha na elimu yamewapata.

Wataalamu wawili wa Marekani, Glenn Ballard na Greg Howell, walichunguza habari hii katika miaka ya 1990. Hawakutosheka kuuliza kama jengo limechelewa. Waliuliza swali dogo zaidi. Katika kazi zilizoahidiwa mwanzo wa juma, ni ngapi zimekwisha mwisho wa juma? Wakakuta kidogo zaidi ya nusu tu, na hiyo ni katika miradi iliyosimamiwa na watu wenye ujuzi. Walipotafuta sababu, mara nyingi waliona vifaa havijafika, au michoro haijakamilika, au kazi ya kutangulia haijakwisha. Ni yale yale ya bweni letu.

Dawa yao ni nyepesi kuieleza. Wasema kuna kazi zipasazo kufanywa, na kuna kazi ziwezekanazo, nazo si moja. Msimamizi aliye karibu kabisa na mafundi ndiye apange kazi za juma, tena awe na haki ya kusema, “Hii haiwezekani, nondo hazijafika.” Mwisho wa juma kazi zilizokwisha huhesabiwa, na kwa kila isiyokwisha huandikwa sababu. Hesabu hiyo si ya kumwadhibu mtu. Ukimwadhibu, juma lijalo ataahidi machache, au atasema uongo (sisi wanafunzi twalijua sana jambo hili, waulizeni viranja wa usafi).

Katika nchi yetu shule nyingi za serikali hujengwa kwa utaratibu uitwao fosi akaunti, yaani shule yenyewe hununua vifaa na kupatana na mafundi wa karibu, badala ya kumpa mkandarasi kazi yote. Kuna kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi na kamati ya mapokezi. Mwaka 2021, Serikali ilipotoa fedha za kujenga madarasa 15,000, shilingi milioni 20 kwa kila darasa, utaratibu huu ulitumika sana. Mimi naupenda. Gharama hupungua, na fundi wa hapa hapa apata riziki. Baba yangu ni mwashi, amekwisha somesha watoto kwa kazi za namna hii.

Lakini mkandarasi ana mtu anayelipwa ili afikiri juu ya juma lijalo. Sisi hatuna. Wanakamati wetu ni walimu wenye vipindi na wazazi wenye mashamba. Hukutana wakisikia saruji imekwisha, na siku hiyo fundi yuko kivulini tayari. Siwalaumu. Nasema kazi ya kutazama mbele haikupewa mtu.

Kwa hiyo naomba Mkuu wa Shule na Bodi wakubali tuweke ubao mlangoni pa stoo. Kila Ijumaa jioni, kwa robo saa, fundi mkuu na mjumbe mmoja wa kila kamati wataje kazi za juma lijalo, na vifaa vitakavyohitajiwa kwa majuma matatu ya mbele. Kazi isiyo na vifaa isiandikwe. Mzazi ajaye kumwona mwanawe atausoma ubao huo, na hatakuwa na haja ya kuuliza uvumi.

Najua wako watakaosema kwamba nawahimiza mafundi walipue kazi, hasa baada ya ghorofa kuporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba, 2024, watu zaidi ya 20 wakafa. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini haraka huja mwishoni, wakati siku zimekwisha potea kwa kungoja. Zege lataka kumwagiliwa maji siku 7 kwa uchache, na nguvu yake hupimwa siku ya 28. Siku hizo nazo ziandikwe ubaoni, ili mtu asiibe hata moja.

Bweni limebakiza madirisha, nyaya, lipu ya upande mmoja na sakafu ya mahali pa kufulia. Ubao wa zamani upo nyuma ya karakana, umevunjika pembe moja tu. Kuandika na kuhesabu tutafanya sisi wa Kidato cha Nne mpaka mitihani itakapoanza, kisha wenzetu wa Kidato cha Tatu watashika.

Mwanafunzi, Kidato cha IV