Batman asiye na franga



Mimi kapita wenu nimenyanganya bedé nyingi saa ya étude. Moja niliisoma mwenyewe mbele ya kuirudisha. Leo natoa wazo langu.

Batman tunayemujua tangu 1939 ni mutoto wa tajiri. Baba yake munganga aliuawa, yeye akarizi nyumba kubwa, akajipatia motokari na vyombo vya vita. Nani kati yetu ataweza kufuata mufano ule?

Katika Absolute Batman, iliyoanza Marekani mwaka 2024, mwandishi Scott Snyder na muchoraji Nick Dragotta wamegeuza mambo. Bruce Wayne hana mali. Baba yake alikuwa mwalimu, aliuawa siku alipopeleka wanafunzi kutembelea wanyama. Mama angali muzima. Bruce alisoma, akakuwa enjenia, vyombo vyake anavitengeneza na mikono yake. Hapo nafurahi: nguvu imetoka katika masomo.

Lakini ukali wake siukubali. Hata alama ya kifua ni shoka ya kupiga watu. Sisi hapa tumeona wengi wenye kubeba silaha wakisema wanatulinda. Shujaa wangu katika kitabu kile ni baba, yule mwalimu.

Basi naomba wakubwa: tusichome bedé. Tuziweke katika biblioteke, tuzisome siku ya posho, tubishane pamoja na mwalimu. Namna hii tutajua kuchagua.

Lakini saa ya étude, nitazikamata tu!

Kapita wenu