Majani ya Nje ya Ua ni ya Nani?

Ndugu msomaji, jioni ya Jumamosi ya juma lililopita watoto wa mtaa wetu, hapa Dar es Salaam, walikuwa wakicheza mpira barabarani kama ilivyo desturi yao. Mpira ukaruka na kuangukia katika majani yaliyo baina ya ukuta wa nyumba yangu na barabara. Mtoto mmoja wa miaka minane akaufuata. Majani yale yalimfika kiunoni, kwani mvua za masika zilikuwa zimeyastawisha. Punde tukasikia ukelele. Alikuwa amekanyaga chupa iliyovunjika, ambayo hapana aliyejua ilitupwa pale siku gani.

Tulimkimbiza zahanati, akashonwa nyuzi tano na kudungwa sindano ya pepopunda. Tuliporejea, bibi yake alinitazama, akasema kwa upole: "Mwanangu, kila mwisho wa juma nakuona ukifyeka ndani ya ua wako. Hapa nje pa nani?"

Sikuwa na la kumjibu. Jambo la kusikitisha ni kwamba mwezi mmoja kabla ya hapo nilikuwa na jibu. Mwenyekiti wa mtaa alipopita kutukumbusha usafi, nilimwambia pasipo kusita: "Hilo ni eneo la serikali. Waje wenyewe walifyeke."

Kusema haki, jibu langu lilikuwa na ukweli ndani yake. Kiwanja changu kinaishia ukutani. Ukanda ule wa nje ni hifadhi ya barabara, nayo Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inailinda kwa manufaa ya wote. Ndiyo maana mtu haruhusiwi kujenga kibanda pale apendavyo. Barabara za mitaa nazo zina msimamizi wake, yaani TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017. Mtu akiyasoma hayo aweza kujiona ameshinda kesi.

Lakini sheria haiishii hapo. Tangu mwaka 1982 halmashauri za miji zimepewa uwezo wa kutunga sheria ndogo, na nyingi zimetunga sheria za usafi zinazomtaka mkaaji wa nyumba atunze mazingira yanayomzunguka, na asiyetii hutozwa faini. Maana yake ni kwamba kumiliki ni jambo moja na kutunza ni jambo jingine. Ardhi ni ya umma, lakini aliye karibu nayo ndiye anayepewa fyekeo.

Tena, hata tukiiacha sheria kando, tujiulize ukanda huo unatumiwa na nani. Mwenzangu mmoja huegesha gari lake pale kila usiku. Mwingine amemwaga mchanga na matofali ya ujenzi tangu mwaka jana. Mimi mwenyewe nimepanda mwarobaini, na jioni hukaa chini ya kivuli chake nikasoma gazeti. Tunapotaka kuutumia ukanda huo, huwa ni wetu. Majani yakiota, huwa ni wa serikali.

Hasara za tabia hii si za macho tu. Majani marefu huficha mtaro, na mpita njia usiku akatumbukia. Hukaribisha nyoka. Huwasukuma wanaotembea kwa miguu hadi katikati ya barabara, wakapambana na pikipiki na bajaji. Hali kadhalika, huficha makopo, vifuu vya nazi na matairi mabovu, ambamo maji ya mvua hutuama. Humo ndimo anamozaliana mbu aenezaye homa ya dengue, ambayo wananchi waliipa jina la kidingapopo. Jiji hili liliugua homa hiyo mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Katika joto letu la pwani, yai la mbu laweza kuwa mbu kamili kwa muda wa siku kumi hivi, naye mbu huyo hana habari na mpaka wa kiwanja.

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni mbili walijiunga katika vikundi, wakasikiliza mafunzo kwa redio, kisha wakatoka kufyeka majani, kufukia madimbwi na kuchimba vyoo. Sidhani kama kila aliyeshika jembe siku zile aliulizia kwanza mpaka wa kiwanja chake.

Hata hivyo, haifai kumtwika mwananchi mzigo wote. Kuzibua mitaro mikubwa, kukata matawi yaliyoelemea nyaya za umeme na kuzoa taka ni kazi za mamlaka zinazohusika, nasi wananchi hutozwa ada ya taka. Mtu akifyeka leo, majani yakalundikana majuma matatu bila ya kuzolewa, mvua itayasomba hadi mtaroni, na mafuriko yatamrudia yeye yule aliyefyeka. Kwa hiyo halmashauri inapodai faini haina budi nayo itimize sehemu yake.

Liko pia suala la mpangaji. Mwenye chumba kimoja husema kwamba yeye analipa kodi, basi mwenye nyumba afyeke. Naye mwenye nyumba anaishi mji mwingine. Hapa dawa ni kupatana siku mtu anapoingia katika nyumba, wala si siku mtoto anapoumia. Na kwa wazee wasio na nguvu, kama bibi yule, ujirani mwema wataka vijana wamfyekee bila ya kungoja kuombwa.

Asubuhi ya Jumapili nilitoka na fyekeo. Nilikusanya chupa tatu, vifuu kadhaa na tairi moja lililojaa maji na viluwiluwi vya mbu. Majirani wawili walitoka na mafyekeo yao, na kufikia saa nne tulikuwa tumesafisha hadi kona. Tumeafikiana kuifanya kazi hiyo kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na mwenyekiti ameahidi kumtafuta mwenye kiwanja kile kitupu kilicho mwisho wa mtaa, ambacho kimegeuka pori.

Mpira wa watoto tuliukuta umenasa chini ya mwarobaini. Nilimpelekea mwenyewe, naye alikuwa amelala na mguu wake umefungwa bendeji. Bibi yake alinipokea vizuri, akanikaribisha chai, wala hakulirudia swali lake.

Ndugu msomaji, kabla hujaligeuza gazeti hili, toka nje ya ua wako utazame. Tukutane Jumapili ijayo.